Sofa Isiyopita Mlangoni

Mtu akiingia kwenye karakana ya mume wangu kuagiza kochi, haulizwi kwanza anataka rangi gani, wala la watu wangapi. Anaulizwa, "Mlango wako una upana gani?" Wengi hawajui. Wanaanza kupanua mikono hewani, wanakunja uso, wanasema ni mlango wa kawaida tu. Hapo mume wangu huchukua futi yake ya chuma, humfuata mteja mpaka kwake, hata kama ni ghorofa ya nne, akapima mlango, akapima na kona ya ngazi, ndipo anakubali kazi. Kwa miaka ishirini na sita hajawahi kutengeneza kochi likakwama. Mtaa mzima unamwita Futi, na wapo watoto wanaoamini hilo ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Nayasema haya mapema ili ujue nilivyoshikwa na butwaa siku sofa ilipokwama kwenye mlango wetu wenyewe.

Mimi ni mke wake. Yeye hukata mbao, hufunga mikanda ya mpira na kupanga sponji. Mimi hushona vitambaa, hutia zipu na kufunga vifungo. Kutoka cherehani yangu hadi meza yake ni hatua nne. Hata hivyo tunazungumza kwa kupigiana kelele kama watu walio ng'ambo mbili za mto, kwa sababu upande wa kulia tumepakana na fundi wa kuchomelea vyuma, anayekata mageti kuanzia asubuhi, na upande wa kushoto kuna dobi mwenye mashine tatu zinazonguruma. Ndoa yetu imekwenda kwa makelele na hatujawahi kugombana. Ukinisikia nikipaza sauti, pengine namwambia tu chai iko tayari.

Nyuma ya karakana ndiyo nyumba yetu, vyumba viwili. Cha mbele kwa jina ni sebule. Kwa kweli ni stoo ya makochi ya watu. Kochi likishakamilika haliwezi kulala karakanani, litaingia vumbi, na cheche za jirani zinaweza kulitoboa. Kwa hiyo huingizwa ndani, likasubiri mwenyewe aje na gari. Likiondoka hilo linaingia jingine. Kinyozi hajinyoi, walisema waliotutangulia. Sisi tulilea watoto wawili, ambao sasa wana kwao, bila kuwa na kochi letu hata la kuegemea. Tulitandika shuka juu ya makochi ya watu, tukakalia pembeni pembeni, na watoto wakipanda na miguu, baba yao alikuwa na neno moja tu: "Shukeni hapo. Lina mwenyewe."

Binti yetu wa kwanza alijifunza kusimama kwa kushikilia kochi jekundu la mke wa daktari. Kesho yake gari likaja kulichukua. Mtoto akatambaa mpaka katikati ya sebule, akainua mikono, akatafuta pa kushika, akaanguka kwa makalio. Alilia mpaka sauti ikakauka. Siku ile nilicheka. Siku hizi nikikumbuka, kicheko hakiji.

Na mama yangu naye alikuwa na mzaha wake. Mama anaishi mtaa wa pili kutoka kwetu, miguu yake imeshachoka, anatumia kiti cha magurudumu. Mimi ndiye mtoto aliyebaki karibu, kwa hiyo kila asubuhi huenda kumwogesha kabla sijakaa kwenye cherehani. Jumamosi, saa kumi, mkwe wake humfuata, akamsukuma taratibu mpaka kwetu na kumkalisha kwenye kochi lolote lililopo. Mama huligonga gonga, hulisifu, halafu huuliza, "Hili linaondoka lini?" Tukimwambia kesho, husema, "Basi ngoja nilifaidi." Tumecheka mzaha huo miaka mingi.

Sasa, safari.

Mwalimu mkuu mmoja mstaafu alikuwa amehamia mji mdogo wa milimani, mwendo wa siku moja na nusu kwa gari, akaagiza viti vyake kwetu kwa kuwa alitujua tangu anafundisha huku. Mara ya mwisho tulipotuma kochi mbali, wasafirishaji walilipakia juu ya majembe, likafika limechanika mgongo. Mume wangu akaapa hatatuma tena. Akaazima pikapu ya shemeji yangu, akafunika viti kwa turubai, akaniambia, "Bibie, vifungo vitafungwa hukohuko. Twende wote." Nikamwomba jirani wa mama amwangalie siku nne. Tangu harusi yetu tulikuwa hatujasafiri sisi wawili peke yetu, na nilipopanda mbele kando yake niliona haya, eti kama mwari.

Tulifika na mvua. Tulipomaliza kushusha viti tukaambiwa maji yamepita juu ya daraja, hakuna gari litakalovuka kwa siku mbili. Kwa mwalimu kulikuwa kumejaa maboksi hata pa kutia mguu hapana. Jirani yake alikuwa na nyumba tupu inayotafuta mpangaji na alimwachia ufunguo, basi mwalimu akatupa godoro, blanketi mbili na birika, akatufungulia humo.

Nyumba yenyewe wala haikuwa ya ajabu. Sebule, vyumba viwili, bafu, jiko lenye dirisha dogo. Mlango wa mbele ulikuwa wa mbao mbili, unafunguka kote kuwili, na nje kulikuwa na baraza pana yenye ngazi mbili. Mchana ule tulikaa kwenye ngazi ya juu na vikombe vyetu vya chai, tukitazama mvua ikishuka kwenye bonde. Hakukuwa na mbao ya kukata wala kitambaa cha kushona. Mume wangu hakujua aiweke wapi mikono yake.

Halafu akaanza kuzungumza. Alizungumza polepole, kwa sauti ya chini, na mimi nikamsikia. Sijui kama nitaweza kukueleza vizuri. Nilikuwa nimeishi na mtu yule miaka ishirini na sita na sikuwa naijua sauti yake akiwa hapigi kelele. Ina mkwaruzo kidogo mwishoni mwa maneno. Alinieleza habari za mjomba wake aliyemfundisha kazi, jinsi alivyokuwa akimfichia misumari ili ajifunze kuunga mbao bila misumari. Akaniambia pia kwamba sikio lake la kushoto linamwacha, mwaka wa pili sasa.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Nilikwambia," akasema. "Hukusikia."

Tukacheka mpaka chai ikamwagika. Kisha nikageuza uso upande mwingine ili asinione.

Mvua ilipopungua aliingia ndani, akatoa futi mfukoni. "Shika hapa," akaniambia, nami nikashika ncha yake ukutani, yeye akaenda nayo mpaka dirishani. Akaandika kitu kwenye kipande cha boksi.

"Unapima nini nyumba ya watu?"

"Mkono unawasha tu," akasema.

Nikaona ni mazoea. Mwenye futi haoni ukuta akaupita. Kesho yake nilishinda kwa mwalimu nikifunga vifungo, thelathini na viwili, mume wangu akabaki kwenye ile nyumba peke yake. Nilidhani amelala.

Siku ya tatu maji yakapungua, tukaanza kurudi. Tulikuwa tumeshashuka milima, hewa imeanza kuwa nzito, ndipo akauliza bila kunitazama, "Ungeweza kuishi kule?"

Ningesema ukweli, ningesema ndiyo kabla hajamaliza swali. Tangu tulipofunga ule mlango wa mbao mbili nilikuwa naisikia nyumba ile mgongoni. Niliitamani mpaka nikaogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali.

"Na mama je?" nikasema. "Nimtupe? Mkataa kwao mtumwa, hujawahi kusikia?"

Alibadilisha gia. Tulipofika kituo cha mafuta aliniuliza tu kama nataka maji ya kunywa.

Tulifika kwetu mchana. Fundi wa kuchomelea alikuwa anakata chuma, akatupungia mkono uliovaa glavu. Nilipofungua mlango, harufu ya gundi ilinipokea, na sebule nzima ilikuwa imejaa makochi meusi ya wakili, bado yamevaa nailoni. Nilikuwa nimeyasahau. Hapakuwa na mahali pa kuweka begi. Tulisimama mlangoni, yeye na mimi, mizigo mikononi, kama wageni wanaongoja mwenye nyumba atoke awakaribishe.

"Hivi hapa ndipo tunapoishi?" nikasema.

"Unasema?" akapaza sauti, akinigeuzia sikio la kulia.

"Nasema chai!"

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kwangu kuliko nilivyotarajia. Nyumba ilikuwa ileile, lakini mimi nilikuwa nimerudi na masikio mengine. Kila mashine ya dobi ilipoanza kuzunguka nilisaga meno. Nilikuwa nikishona, mguu ukasimama wenyewe, nikajikuta niko kwenye ngazi ya juu nikitazama bonde. Asubuhi nikimwogesha mama aliniuliza, "Safari ilikuwaje? Mbona husimulii?" Nikamjibu, "Mvua tu, mama. Mvua na matope." Sikumtajia nyumba. Ningemtajiaje? Angejua kwamba yeye ndiye kikwazo, na mama ni mtu wa kuacha kula kwa jambo kama hilo. Na kuna wazo jingine baya zaidi lililokuwa likinijia nikimfuta mgongo: kwamba iko siku nitakuwa huru kwenda, na siku hiyo itakuwa siku gani. Wazo hilo likija, nilimfuta kwa upole zaidi, nikijiona mwizi.

Mume wangu naye alikuwa kimya. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ulianza kwa mbao. Alianza kutengeneza sofa moja, ya mbao nzuri aliyoihifadhi miaka, mbao ambayo wateja wawili waliitaka akawanyima. Kila siku akimaliza kazi za watu aliifanyia saa moja.

"Ya nani hiyo?" nikauliza.

"Ya mteja."

"Mteja gani asiye na haraka?"

"Yupo."

Siku nyingine akaniletea vipande vya vitambaa. "Ingekuwa yako, ungechagua kipi?" Nikachagua kijani, kijani kile cha majani yaliyonyeshewa, halafu nikakasirika. Mwanamume gani anamuuliza mkewe achague kitambaa cha sofa ya mtu asiyetajwa jina? Nitakuwa mkweli, kwa siku tatu nilimtafuta mwanamke. Nilimchunguza kila mteja wa kike aliyeingia, hadi bibi mmoja wa miaka themanini aliyeleta kigoda chake kikarabatiwe. Nilishona kile kitambaa cha kijani nikiwa nimevimba, lakini nilikishona vizuri. Kazi ni kazi.

Ilikamilika siku ya Jumamosi, kama saa tisa hivi. Alipangusa miguu ya sofa kwa mafuta, akasimama, akajifuta jasho. "Njoo tuiingize ndani," akasema.

Nikashika upande mmoja. Tukaiinua, tukaingia nayo mpaka mlango wa sebule, ikagonga. Tukailaza ubavu. Ikagonga. Tukaisimamisha, tukaifungua miguu, tukaizungusha kama watu wanaocheza na mlevi. Ikagoma. Fundi wa kuchomelea akazima mashine yake, akaja na glavu zake. Dobi akatoka na kikapu kiunoni.

"Futi!" fundi akasema, hana mbavu kwa kicheko. "Futi mwenyewe! Leo umepatikana! Nikukatie fremu ya mlango? Dakika tano tu."

"Hakuuliza upana wa mlango," dobi akasema, akaanza kucheka hadi akaketi juu ya kikapu.

Mume wangu hakucheka. Alikuwa anautazama mlango. Mlango ule una inchi thelathini na moja. Kila kochi alilowahi kutengeneza limepita hapo kwanza, anaujua kuliko kiganja chake. Mtu kama huyo hasahau. Tuliitoa sofa tukaiweka nje ya karakana, chini ya bati. Wale wawili waliponiona uso wangu walikumbuka kazi zao.

"Hii sofa umeipimia wapi?" nikamuuliza.

Akapitisha kiganja juu ya kitambaa.

"Nakuuliza."

"Kule," akasema.

Ukutani kwa dirisha. Mahali niliposhika ncha ya futi kwa mkono wangu mwenyewe. Kama ilikuwa furaha au uchungu, sijui, na kama kawaida yangu nikachagua hasira.

"Nilishakwambia! Nilikwambia njiani, na mama je? Unataka nifanye nini? Niugawe moyo?"

"Sijakwambia uhame," akasema. "Nilitaka tu tuwe na kochi moja la kwetu. Mkono ukaenda na vipimo vile. Nitaipunguza. Inchi kumi na moja hapa, kina nitatoa sita, itapita."

Akaingia ndani kuchukua msumeno.

Aprini yake alikuwa ameivua, ameitupa kwenye mkono wa sofa. Nikaichukua niikunje, maana mkono wangu nao una mazoea yake, na kile kipande cha boksi kikaanguka kutoka mfukoni. Nikakiokota. Upande mmoja aliandika kwa penseli yake ya seremala: *Sebule 14 kwa 12. Ukuta mpaka dirishani futi 7 inchi 4. Mlango mbao mbili, futi 4.* Hayo niliyajua. Nikakigeuza.

*Chumba cha mama. 10 kwa 9. Dirisha mashariki, jua la asubuhi. Mlango wa chumba inchi 34. Mlango wa bafu inchi 33. Kiti chake 27. Kinapita.* Chini yake akachora ngazi mbili na mstari unaoshuka: *Mteremko futi 8, mbao ninazo.*

Siku ile nilipokuwa kwa mwalimu na vifungo vyangu, hakuwa amelala. Alikuwa ameshatupima sote watatu kabla hajaniuliza njiani, na mimi nikamjibu kwa methali. Miezi miwili alitembea na kipande hiki mfukoni wala hakunitolea kunishinda kwa maneno. Na mimi, mke wa mtu anayeuliza mlango kwanza, sikuwa nimemuuliza mama hata mara moja. Nilijibu kwa niaba yake, nikamwogesha kila asubuhi juu ya jibu hilo.

Alirudi na msumeno na futi. "Shika hapa," akasema, akininyooshea ncha.

"Weka msumeno chini," nikamwambia.

Akakiona kipande cha boksi mkononi mwangu. Akauweka.

"Nenda kamlete mama," nikasema. "Saa kumi inakaribia."

Akaenda. Nikaketi kwenye sofa ile ya kijani, peke yangu, mara ya kwanza katika maisha yangu kukalia kochi bila kutandika shuka. Sikujua nikae vipi. Niliegemea nyuma, nikajiona nimezidi, nikarudi pembeni, kisha nikaegemea tena. Mbele yangu, ng'ambo ya barabara, ulikuwa ukuta wa stoo ya kuuzia saruji, na juu yake waya za umeme. Niliutazama ukuta ule nikatamani bonde mpaka machozi yakanitoka, na mara hii sikuyaficha.

Wakaja taratibu, yeye akisukuma, mama akimwelekeza mashimo ya barabarani kana kwamba hayajui. "Shikamoo, mama." "Marahaba. Mbona umelia?" "Vumbi, mama." Tukamwinua tukamweka katikati yetu, sofa ikatutosha watatu na nafasi ikabaki. Fundi wa kuchomelea, Mungu ambariki, alipomwona mama alizima mashine, kama afanyavyo kila mara kwa heshima ya mtu mzima, na mtaa ukatulia kidogo.

Mama akaligonga gonga kochi. Akapitisha kidole kwenye mshono wangu, akabonyeza kifungo kimoja.

"Zuri hili," akasema. "Linaondoka lini?"

Mume wangu akanitazama. Sikuona macho ya kunihimiza. Yalikuwa ya mtu aliyekwisha kujiandaa kwa lolote.

"Hili lina mwenyewe, mama," nikasema.

"Najua lina mwenyewe. Yote huwa na wenyewe. Nauliza linaondoka lini?"

Basi nikamweleza. Nikamwambia habari za daraja na mvua, na nyumba tupu, na ngazi tuliyokaa, na jinsi nilivyoisikia sauti ya huyu mtu. Nikamwambia kwamba nilimficha. Nikamwambia naogopa kwenda, na naogopa kubaki, na sitakwenda popote ambako yeye hayupo. Nilizungumza kwa sauti ya chini, sijui niliipata wapi, na mama hakunikatiza. Alikuwa anakizungusha zungusha kile kifungo chini ya kidole chake.

Nilipomaliza aliutazama ule ukuta wa ng'ambo.

"Hiyo baraza," akauliza mwishowe, "ina ngazi?"

"Mbili, mama," mume wangu akajibu kabla sijafungua mdomo. "Mbili tu."